Kabla ya kuchagua chuo, uliza utangoja miaka mingapi na utalipa miaka mingapi

Mkopo wa chuo wa shilingi milioni 12 kwa kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa 900,000 na mkopo wa kiasi hichohicho kwa kijana anayeanza kwa 347,000 ni mizigo miwili isiyofanana, ingawa kwenye karatasi ya Bodi ya Mikopo tarakimu ni moja. Wa kwanza akikatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama sheria ya mikopo ya Muungano inavyotaka, atatoa 135,000 kwa mwezi na kumaliza ndani ya miaka saba na nusu. Wa pili atatoa 52,050 kwa mwezi, na makato hayo yatamfuata kwa zaidi ya miaka 19. Akianza kazi na umri wa miaka 25, mtoto wake wa kwanza anaweza kufika chuo kabla baba hajamaliza kulipia chake.

Kiwango cha 347,000 sikukiokota njiani. Ndicho kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa Zanzibar mwaka 2022, kikitoka 300,000. Mwenye digrii aliyepata kazi ya Serikali huanza juu ya hapo. Lakini wahitimu wetu wote hawaendi serikalini. Wako wanaoanza kwenye skuli binafsi, kwenye maduka ya simu ya Darajani au kwenye mapokezi ya hoteli, kwa kiasi kisichokuwa mbali na hicho.

Hesabu hiyo ni nyepesi, mtoto wa darasa la saba anaiweza, na bado sijaisikia ikipigwa katika nyumba zetu. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa Julai, maswali huwa mengine. Chuo gani? Kiko wapi? Nani wetu yuko huko wa kumpokea? Kapata mkopo au hakupata? Akiambiwa kapata, watu humpongeza kama aliyepewa zawadi, mjomba hutia saini ya udhamini, na safari huanza. Suala la kozi ile inamfikisha wapi, baada ya muda gani na kwa mshahara gani, huachiwa Mungu. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkopo wa chuo ndiyo mali kubwa ya kwanza ambayo vijana wengi wa Unguja na Pemba huishika kwa jina lao wenyewe.

Mzanzibari ana milango miwili ya kukopa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, hivyo iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Iko pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye kanuni zake. Hesabu ninazozipiga hapa zinatumia kanuni za Bodi ya Muungano, kwa sababu ndizo zilizobadilika mara nyingi na kuwaumiza au kuwaokoa watu wengi.

Mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Watumishi waliokuwa wameshazoea maisha yao walifungua karatasi za mshahara na kukuta kipato kimepungua kiasi cha kutikisa kodi ya nyumba. Wakati huo deni lilikuwa pia likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Chukua deni letu la milioni 12. Asilimia 6 yake ni 720,000 kwa mwaka. Mwenye mshahara wa 347,000 akikatwa 52,050 kila mwezi, kwa mwaka mzima atakuwa ametoa 624,600. Analipa miezi 12 bila kukosa, na deni linazidi kukua. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa haki kuliko mwengine wowote uliopata kufanywa juu ya mikopo hii. Siku hizi deni halizai. Kinachobaki ni urefu wa kulipa.

Na hapo ndipo wengi hukosea. Ukubwa wa mkopo haubadilishi unachokatwa kwa mwezi, maana asilimia 15 ni ileile kwa aliyekopa milioni tano na aliyekopa milioni 15. Unaobadilika ni muda. Ndiyo maana swali la “nitadaiwa shilingi ngapi?” halimsaidii sana kijana mpaka aliambatanishe na la pili: “nitakatwa miaka mingapi ya maisha yangu?” Na jibu la swali hilo la pili haliko kwenye barua ya Bodi. Liko kwenye mshahara wa kozi aliyoichagua.

Uingereza, kwa waliojiunga na vyuo tangu Agosti 2023, mhitimu halipi kitu mpaka mapato yake yapite pauni 25,000 kwa mwaka, na hapo hukatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi tu. Deni lisilokwisha hufutwa baada ya miaka 40. Sisi hatuna kizingiti kama hicho. Asilimia 15 huanzia shilingi ya kwanza ya mshahara wa msingi. Maana yake ni kwamba kwetu aliyechagua vibaya hana wa kumpunguzia. Anayelipwa kidogo hukatwa asilimia ileile na anayelipwa vizuri, kisha hulipa kwa miaka mingi zaidi. Nchi yenye kizingiti inaweza kumvumilia kijana aliyechagua kwa kubahatisha. Kwetu kubahatisha kunamkuta mwenyewe.

Tuangalie deni lenyewe limeundwa na nini. Wazee wengi hudhani ni ada. Bodi ya Muungano ilipandisha fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hutoka kwa mafungu ya siku 60, yaani laki sita kila fungu. Mwenye mafungu manne kwa mwaka anakopa 2,400,000 za kula na kulala, na kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Ada ya mwaka katika kozi nyingi za vyuo vya umma haifiki hiyo milioni mbili na laki nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya deni la mwanafunzi wa kawaida ni wali, maharage, chumba cha kupanga na nauli.

Kijana wa Fuoni anayesoma Tunguu, kilipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na kurudi kwao jioni, na kijana wa Fuoni huyohuyo akisoma kozi ileile Dar es Salaam au Dodoma kwa bumu kamili, watatoka na madeni yanayotofautiana kwa mamilioni hata kama ada inalingana. Kwa mwenye mshahara wa msingi wa 600,000, fungu moja la laki sita ni karibu miezi saba ya makato. Simu iliyonunuliwa kwa bumu ya mwaka wa pili itakuwa imeshakufa zamani wakati mwenyewe anaendelea kuilipia. Sisemi watoto wetu wasivuke bahari. Nasema kuvuka kuwe na sababu inayopimika: kozi ambayo huku haipo, au chuo ambacho wahitimu wake huajiriwa mapema zaidi. Kwenda kwa sababu ya jina la mji ni gharama ya miaka.

Kwa mtoto wa Pemba hesabu ni nzito zaidi na si kwa hiari yake. Akitoka Micheweni au Kojani kuja Tunguu, boti, chumba na chakula humngoja hata kama kozi ni nyepesi. Ndiyo maana kampasi ya SUZA ya Mchangamdogo ina thamani kuliko inavyosemwa. Kila kozi inayopelekwa pale inawaondolea watoto wa kisiwa kile sehemu ya deni kabla hawajaandika jina kwenye fomu. Lakini kozi zilizoko huko ni chache, na hatari yake ni kwamba kijana atachagua iliyo karibu kwa sababu ni rahisi, hata kama soko lake limejaa. Unafuu wa leo unaweza kumlipisha kesho. Na mara nyingi kijana huyo ni msichana, maana kwa mtoto wa kike familia hupenda chuo kilicho karibu na macho.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko deni lote: kungoja.

Kijana anamaliza chuo, anaomba kazi serikalini, anaitwa kwenye usaili, anarudi nyumbani. Mwaka unapita. Tangazo jengine linatoka, anaomba tena. Tusiwalaumu vijana kwa kuitaka ajira ya Serikali. Ina uhakika wa mshahara na pensheni, na wazazi wao waliona kwa macho nani katika mtaa alijenga nyumba na nani hakujenga. Lakini tuupigie hesabu muda huo. Miezi 36 ya kukaa, ikipimwa kwa kima cha chini cha 347,000, ni shilingi 12,492,000. Yaani aliyengoja miaka mitatu bila kipato amepoteza zaidi ya mkopo wote wa milioni 12, na mkopo wenyewe bado uko palepale. Upotevu huo hauandikwi popote. Hakuna bodi inayoudai wala barua inayoutaja, na kwa hiyo katika kuchagua kozi huhesabiwa sifuri.

Kozi mbili zenye mshahara sawa zinaweza kutofautiana kabisa kwa kungoja. Muuguzi na mwalimu wa fasihi wanaweza kuanza serikalini kwa mishahara isiyopishana sana, lakini kama mmoja huitwa kazini baada ya miezi minane na mwengine baada ya miaka minne, wamesoma kwa bei mbili tofauti. Mwenye digrii ya uongozi wa biashara anaweza kujikuta nyuma ya foleni ndefu ya wenzake, kwa sababu kozi hizo hazihitaji maabara, ni rahisi kuanzishwa, na kila chuo kinayo. Tangu Zanzibar University na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Sumait, vilipoanza 1998, na SUZA ilipofungua madarasa 2001, visiwa hivi vimejaliwa nafasi za kusoma ambazo kizazi cha wazazi wetu hakikuziota. Soko la ajira halikukua kwa kasi hiyo, na halikukua sawasawa kwa kila fani.

Kwa hiyo ubishi wa “SUZA au Zanzibar University au Dodoma” naona umekaa mbele kuliko unavyostahiki. Haishangazi, maana jina la chuo hubeba heshima, na mtu husema “mwanangu yuko chuo fulani” kabla ya kusema anasoma nini. Lakini mwajiri wa Zanzibar ni Serikali, hoteli, benki, mashirika ya simu, skuli na ofisi ndogondogo. Kwa wengi wao swali la kwanza ni “unajua kufanya nini?” Palipo na bodi ya kusajili taaluma, kama udaktari na uuguzi, cheti cha usajili kina nguvu kuliko jengo ulikosomea. Madaktari waliosoma kwenye mpango wa SUZA na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, ulioanza 2007, wanatibu watu hospitalini, na wagonjwa hawawaulizi wamesoma wapi.

Utalii nao unahitaji neno lake, kwa sababu ndio uti wa mgongo wa fedha za kigeni hapa na bado wenye digrii wengi hawauhesabu kama kazi. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hutafuta lugha, uzoefu na nidhamu ya kazi. Kijana mwenye stashahada ya Maruhubi, taasisi ya utalii ambayo sasa iko chini ya SUZA, anayeongea Kiitaliano au Kijerumani vizuri, anaweza kuwa kazini wakati mwenzake mwenye digrii ya miaka mitatu bado anapeleka vyeti kuthibitishwa. Deni lake ni dogo, kungoja kwake ni kufupi. Ila utalii nao una lake: masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga, mikataba husimama, na mshahara wa msingi huwa mdogo huku sehemu nzuri ya kipato ikitoka kwenye mgao wa huduma na bakhshishi. Kipato cha mwezi wa Agosti kikizidishwa mara 12 kitamdanganya mtu. Na mafunzo ya amali, pale Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji, yanatoa mafundi umeme na mafundi wa mafriji na viyoyozi wanaoitwa kila siku majumbani na mahotelini. Kuna nyumba ambazo kumpeleka mtoto mwenye divisheni nzuri huko kungeonekana ni msiba. Naomba wapige hesabu ya miaka kumi kwanza, ndipo walie.

Sasa, nani ana tarakimu za kweli? Mimi ninazopiga hapa ni za mfano, na familia yoyote inaweza kupiga zake. Zinazohitajika ni za kozi halisi na watu halisi. Marekani walifika hapo mwaka 2015, Serikali yao ilipoifungua upya tovuti inayoitwa College Scorecard. Mzazi anaandika jina la chuo na kuona gharama, deni la kawaida la wanaomaliza na kipato chao baada ya miaka kadhaa. Tangu 2019 tovuti hiyo inaonesha pia kwa kozi, na hilo ndilo lililoisaidia zaidi, kwa sababu ndani ya chuo kimoja aliyesoma uhandisi na aliyesoma sanaa wanaweza kuwa mbali kwa kipato kuliko vyuo viwili vinavyoshindana kwa majina. Ina kasoro zake. Inawahesabu waliopata msaada wa Serikali kuu tu, na haimwoni aliyejisomesha. Lakini mzazi wa kule haingii gizani.

Kwetu, kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kinaeleza kozi, sifa za kujiunga, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Kinamwambia kijana anaweza kuingia wapi. Hakimwambii waliotoka wako wapi.

Na tarakimu hizo haziko mbali. Bodi ya mikopo inajua nani alisoma kozi gani, chuo gani, alimaliza lini, na siku mwajiri alipoanza kumkata. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, hupokea michango inayotokana na mishahara, kwa hiyo unajua nani kaanza kuchangiwa na kwa mshahara gani. Daftari hizi mbili zikikutanishwa na majina yakafutwa, panatoka jedwali moja: kozi, chuo, miezi ya kungoja mpaka mshahara wa kwanza, mshahara wa katikati baada ya miaka miwili na baada ya miaka mitano, deni la kawaida, na miaka ya kulimaliza. Nasema mshahara wa katikati, yaani wa yule anayekaa katikati wote wakipangwa kwa mishahara yao, na si wastani, maana mhitimu mmoja aliyepata kazi kwenye shirika la kimataifa anaweza kuupandisha wastani wa darasa zima na kuwadanganya wadogo zake. Kozi yenye wahitimu wachache iunganishwe miaka mitatu kwa pamoja, ili mshahara wa mtu usijulikane mtaani. Visiwa ni vidogo, na hilo si la kupuuza.

Jedwali hilo halitawaona wote. Mwenye duka lake Chake Chake, kijana anayetembeza watalii kwa gari yake, mama anayeuza viungo Marekani kwa simu, hawa hawamo ZSSF kwa ukamilifu. Bakhshishi ya mhudumu wa hoteli haimo. Yaandikwe chini ya jedwali wazi, na liendelee.

Nimesikia pingamizi moja ninaloliheshimu. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia tukianza kupima kozi kwa pesa, nani atakwenda kusomea ualimu wa Fizikia aende akafundishe Micheweni? Elimu ilitangazwa kuwa bure hapa Septemba 1964 ili mtoto wa mkulima wa karafuu asome bila kuulizwa baba ana nini. Leo tumuulize atalipwa nini? Nalikubali lile la kwanza: nchi isiyokuwa na walimu haina hata hao wahasibu. Lakini kuficha mshahara wa mwalimu hakumletei Pemba mwalimu. Kunamleta kijana asiyejua anachoingia, naye baada ya miaka miwili hutafuta uhamisho wa kurudi mjini. Jedwali likionesha kwamba mwalimu wa sayansi atakatwa kwa miaka 12, Serikali itakuwa na sababu iliyoandikwa ya kumfutia mwaka wa deni kwa kila mwaka anaofundisha Kojani au Makangale, na Baraza la Wawakilishi litakuwa na tarakimu ya kuijadili. Sasa hivi tunawaomba uzalendo bila kuwaonesha bei yake.

Wala sidai kila mtu achague kinacholipa zaidi. Kuna binti atakayesoma Kiswahili au historia kwa sababu ndicho kinachomwasha, na visiwa hivi vinamhitaji. Ninachodai ni kwamba ajue. Akijua atangoja miaka mitatu, ataanza kujifunza kuhariri au kutafsiri akiwa mwaka wa kwanza, ataishi kwao ili deni liwe dogo, atautumia muda wa kungoja badala ya muda kumtumia yeye. Asiyejua huhisi ameshindwa, wakati kilichotokea kilikuwa kinajulikana kwenye daftari ya ofisi fulani kabla hajajaza fomu.

Mitihani ya kidato cha sita hufanywa Mei, matokeo hutoka Julai, na mara dirisha la maombi ya vyuo hufunguka. Jedwali linapaswa kuwa limebandikwa kwenye mbao za matangazo za skuli za sekondari kufikia Juni, Unguja na Pemba, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kawaida ambayo mzazi asiyekuwa na intaneti anaweza kusimama mbele yake na mwanawe wakaisoma pamoja. Bodi zote mbili, SUZA na vyuo vyengine, na ZSSF wanaweza kuanza na kozi kumi zenye wahitimu wengi zaidi. Kumi zinatosha kwa mwaka wa kwanza.